Mama Aliyekaa Nyuma ya Daktari

"Samahani, daktari," alisema mama mmoja wa Azrou kwenye kioo cha kompyuta, "hebu mwombe huyo mwenzako aliyekaa nyuma yako ambembeleze mwanawe. Analia mno, sikusikii."

Ghizlane aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, na ukutani picha ya twiga aliyoichora binti yake Ritaj. Mtu hakuwepo.

"Niko peke yangu, mama."

Yule mama alisogeza uso karibu na simu yake. Alitazama mahali fulani juu ya bega la daktari, akatazama tena, halafu akavuta blanketi akamfunika mwanawe mgongoni mpaka kichwani.

"Haya," alisema polepole. "Tuendelee basi."

Lakini maswali yaliyobaki aliyajibu harakaharaka, na kabla Ghizlane hajamaliza kumweleza namna ya kumnywesha mtoto dawa ya kikohozi, akakata. Ghizlane alitikisa kichwa, akaulaumu mtandao, akampokea mgonjwa aliyefuata.

Kliniki ilikuwa yake mwenyewe, na ilikuwa changa. Kwa miaka mingi Ghizlane aliwatibu watoto katika hospitali moja ya watu binafsi pale Meknes, chini ya mkurugenzi aliyekuwa akigonga mlango kila mama mmoja akikaa sana chumbani. Kila siku aliwaona wanawake walioshuka kutoka milimani, mtoto mgongoni, miguu imevimba kwa safari, kumbe ni upele tu ambao jicho la daktari lingeutambua mara moja. Akajiuliza kwa nini wamfuate yeye wakati yeye anaweza kuwafuata hukohuko kwao. Akaacha kazi. Akapata kibali, akatafuta fundi wa kompyuta, akapatana na maduka ya dawa ya miji midogo, na akajifunza upya kazi aliyodhani anaijua: kumtibu mtoto bila kumgusa. Alijifunza kumwambia baba, "Mvue shati, msogeze dirishani, nataka kuona mbavu zinavyopanda." Alijifunza kumwambia mama, "Bonyeza ukucha wake uachie, nione damu inarudi upesi au la." Na akiona hatari hakujifanya shujaa. "Sasa usinisikilize mimi," alikuwa akisema. "Mbebe, mpeleke hospitali sasa hivi."

Wazazi walimpenda kwa hilo. Jina lake lilipita milimani mdomo kwa mdomo, kutoka soko hadi soko.

Shida ilikuwa chumba. Waliishi na mama mkwe wake, Lalla Batoul, katika nyumba ya zamani ndani ya mji mkongwe, na kelele za wafua shaba na wachuuzi zilipenya kila dirisha. Mahali pamoja tu palikuwa kimya: bafu la zamani la ghorofa ya chini, lenye kuta nene, ambalo halikuogewa tangu juu pawekwe mtambo wa maji moto. Katikati ya sakafu yake palikuwa na tundu la kupitishia maji machafu, na tundu hilo lilinuka.

"Nyumba yote hii, ukachagua hapo?" Lalla Batoul aliuliza.

"Kwingine kuna kelele, Lalla."

"Za watu hizo. Zina ubaya gani?"

Ghizlane alicheka. Alichemsha masufuria makubwa ya maji, akatia magadi makali ya kuzibulia mabomba, akamimina tunduni sufuria baada ya sufuria, visikizi masikioni, akisikiliza mhadhara juu ya tiba ya mtandaoni. Alipovivua, alisikia kitu kikilia huko chini, chembamba kama mtoto wa paka. Akajua ni hewa imenaswa kwenye bomba.

Lalla Batoul alikuwa amesimama mlangoni. "Umetaja jina la Mungu kabla ya kumwaga?"

"Nimetaja jina la sabuni, Lalla. Ndilo linaloua vijidudu."

Mara nyingine mama mkwe angecheka, maana naye alikuwa mtu wa mzaha. Siku ile aliondoka bila kucheka. Baadaye alikuja mwashi, akaziba tundu kwa saruji na kutandika mbao juu yake, na Ghizlane akaweka meza yake, taa yake na kamera yake papo hapo katikati.

Baada ya yule mama wa Azrou walifuata wengine. Baba mmoja aliuliza kama daktari amejifungua, kwani anasikia kichanga. Msichana wa Ifrane aliyemleta mdogo wake kwenye simu aliganda ghafla, akasema, "Yule bibi kwa nini hana nyusi?" kisha akacheka kwa woga na kusema ameona vibaya. Chumbani kulianza kunuka sufu iliyoungua. Ghizlane alifungua mlango, akafukiza uvumba, akasugua mbao kwa limau. Harufu ilipungua asubuhi, ikarudi kila alasiri, na ilikuwa kali zaidi pale alipoegemeza mgongo.

Halafu mama mmoja akamshukuru kwa simu ya jana.

"Simu gani?" Ghizlane aliuliza.

"Si ulinipigia jioni, daktari? Magharibi. Hukusema kitu, ulikaa tu ukimtazama mtoto. Nikasema mtandao umekwama. Lakini macho yalikuwa yanapepesa."

Jioni ile Ghizlane alikuwa juu, anamkatia Ritaj kucha.

Alimweleza mumewe, Abdelilah, ambaye alifundisha hisabati shuleni na aliamini kila jambo lina mahali pake pa kukosewa. "Mtu ameingia kwenye mtambo wako," alisema. "Mwizi. Anatumia picha yako." Wakamwita fundi, maneno ya siri yakabadilishwa yote, kamera ikawekewa kifuniko. Fundi alitafuta mchana kutwa. Mwisho alisema hakuna aliyeingia. Kisha, akikusanya nyaya zake, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anayechoma nywele humu ndani.

Moha alipiga siku ya soko. Alikuwa mchungaji wa kijiji cha juu ya Khenifra, mtu mpole, na mwanawe Ilyas alikuwa amepona kifua kwa mkono wa Ghizlane mwenyewe. Safari hii Moha hakutoa salamu. Aliishika simu karibu na mkono wa mtoto, na Ghizlane akaona ngozi kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, nyekundu, imevimba malengelenge, mahali pengine imeshachubuka na kubaki nyama tupu.

"Mtazame," Moha alisema. "Mtazame vizuri, daktari. Umefurahi?"

"Moha! Nini kimempata?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyesema homa haishuki kwa maji baridi? Si ulisema mtie mkono kwenye maji yanayotoka jikoni, mshike, hata akilia mshike, homa itatokea mkononi? Nikakuuliza, daktari, yanachemka haya. Ukasema, mimi ndiye niliyesoma au wewe?" Sauti yake ilikatika. "Nilimshika. Mimi baba yake, nilimshika."

"Wallahi sikuwa mimi, Moha. Funika kwa kitambaa safi, usipake siagi, mpeleke hospitali ya—"

"Nyamaza. Uso ni wako. Sauti ni yako. Nikikukuta uso kwa uso, Mungu anisamehe."

Ghizlane alibaki ametazama kioo kitupu. Alikuwa ameona watoto walioungua, wengi, lakini hakuna aliyeungua kwa jina lake. Siku hiyohiyo aliifunga kliniki. Aliwatumia wazazi wote ujumbe: nikiwapigia, msipokee, nikiwaambia jambo, msilifanye. Aliripoti kwa baraza la madaktari, akajibiwa kwamba uchunguzi utafanyika na asitibu mtu mpaka uishe. Akang'oa waya wa kompyuta ukutani, akaufunga chumba, ufunguo akaweka mfukoni.

Usiku mmoja ukapita kimya, na mwingine. Alasiri iliyofuata Ritaj akarudi kutoka shuleni mashavu yakiwa moto.

Haikuwa homa ya kutisha. Ghizlane alimlaza jikoni kwenye kiti kirefu karibu na bibi yake, aliyekuwa anapika supu ya harira, akakumbuka kwamba kipimajoto kizuri kimebaki kule chini mezani. Jua lilikuwa linazama. Alishuka, akafungua chumba, akaacha mlango wazi nyuma yake, akanyoosha mkono kukichukua, na mlango ukajifunga, polepole, kama mtu anayemfungia mgonjwa ili apumzike. Aliuvuta. Ulikuwa kama umepigiliwa misumari. Aliita, akakumbuka ni kwa nini alikichagua chumba hiki: hakuna sauti inayoingia, na hakuna inayotoka.

Nyuma yake kompyuta ikawaka.

Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, umejikunja, ncha yake imetazama dari. Hata hivyo kioo kiling'aa, na ndani yake Ghizlane aliliona jiko lake mwenyewe, lililoonekana kutoka kwenye simu ya Lalla Batoul iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari: aliona sufuria na mvuke, aliiona beseni ya bati ya kuogea katikati ya sakafu, na ndani ya beseni alimwona Ritaj amekaa uchi, amejikunyata, anatetemeka kwa homa, na Lalla Batoul amemwinamia akiitazama simu kwa makini, kama mtu anayesikiliza maelekezo asiyotaka kuyakosea, na pembeni, chini ya kioo, katika kile kidirisha kidogo ambamo daktari hujiona mwenyewe anapotibu, Ghizlane aliuona uso wake, na koti lake jeupe, na nywele zake zilivyofungwa asubuhi ile, na midomo ya uso ule ilikuwa inasema, taratibu, kwa upole uleule aliowasemesha akina mama wote, ilhali midomo yake mwenyewe ilikuwa imefumbwa, na alijigusa kwa vidole kuhakikisha kwamba imefumbwa.

"Maji hayo hayo ya jikoni, Lalla," uso ulisema. "Usiyapoze."

"Mwanangu, yanachemka haya," Lalla Batoul alisema.

"Anzia kichwani. Mwagia usoni. Homa imekaa machoni."

"Usoni? Ghizlane, si uje mwenyewe basi?"

"Natafuta dawa huku chini. Fanya upesi, Lalla, kabla hajapata degedege. Mimi ndiye daktari au wewe?"

Ghizlane alikipiga kioo kwa ngumi, akaipigia kelele kamera, akaliita jina la mama mkwe wake mpaka koo likachanika, na katika kidirisha kile uso wake haukugeuka, ila nyuma ya bega lake mwenyewe, pale ambapo wazazi wote walikuwa wakipatazama, sasa naye alimwona: mwanamke aliyejitanda shuka jeupe kwa namna ya vikongwe wa zamani, amekaa sakafuni miguu imekunjwa, pajani amepakata kitu kilichofungwa vitambaa, na anakibembeleza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku midomo yake, ile isiyo na ngozi, ikitembea sambamba na midomo ya daktari kwa kila neno.

Jikoni, Lalla Batoul aliinua sufuria kwa mikono miwili. Ritaj aliinua uso kumtazama bibi yake. Na bibi yule, ambaye maishani mwake hakuwahi kumega mkate wala kufungua dirisha bila kutamka, akasema kama alivyozoea:

"Bismillahi."

Uso ndani ya kidirisha ukapasuka kwa ukelele. Simu iliruka kutoka kwenye kopo. Lalla Batoul alishtuka, sufuria ikamtoka mikononi, maji yakamwagika sakafuni na juu ya miguu yake, na kitu cha mwisho alichokiona Ghizlane kabla kioo hakijazima ni Ritaj akiruka nje ya beseni, mzima, analia.

Mlango ulifunguka wenyewe. Alimkuta mama mkwe wake ameketi sakafuni, ameshikilia miguu yake iliyoungua. Alipomwona Ghizlane kwa miguu yake mwenyewe, akitokea ngazini, bila simu mkononi, alielewa. Akamvuta Ritaj kifuani kwake.

"Ulipomwaga yale maji," alinong'ona, "nilisikia. Nilisikia kilio. Nikasema nisikutie hofu, wewe msomi."

Asubuhi Abdelilah alimpeleka Ritaj kwa dada yake Fez, akarudi na Si Lmekki, fkihi, mwalimu wa Kurani aliyejulikana kwa kusoma juu ya wagonjwa wa majini. Alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi, aliyetembea na viatu vya michezo chini ya joho lake. Alikaa kwanza miguuni pa Lalla Batoul, akamtania. "Umepika miguu ya ng'ombe siku hizi?" Kikongwe akacheka kwa maumivu. Kisha akashuka kwenye bafu la zamani, akavuta pumzi, na mzaha ukamwishia.

"Vunjeni saruji," alisema.

Abdelilah aling'oa mbao, akapiga nyundo. Kadiri zege lilivyopasuka, ndivyo harufu ya sufu iliyoungua ilivyopanda, mpaka macho yakawatoka machozi. Tundu lilipoonekana, Si Lmekki alianza kusoma. Alisoma muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka, na kioo juu ya meza kikawaka chenyewe. Chumbani walikuwa watatu. Ndani ya kioo walikuwa wanne, na wa tano pajani.

"Nani amekudhulumu?" Si Lmekki aliuliza, bila kugeuka nyuma, macho kwenye kioo.

"Muulizeni daktari," mwanamke alisema. Hakuwa tena na sauti ya Ghizlane. Yake ilikuwa kavu, kama kuni. "Watoto wa watu huwauliza wanaumwa wapi. Wangu hakumuuliza."

"Sikujua kama mpo," Ghizlane alisema. "Wallahi sikujua."

"Na yule baba wa mlimani, alijua? Alifuata neno la daktari. Mimi nami nilikaa chini ya watu wanaotaja jina la Mungu, vizazi na vizazi, nikajua tuko salama. Mtoto alikuwa anacheza na maji ya baridi. Mara ukaja moto."

Alifungua vitambaa. Ghizlane alitaka kufumba macho lakini kazi yake ilimkataza. Ulikuwa uso mdogo, umeyeyuka kama mshumaa, ngozi imetiririka na kushikana pale palipokuwa na macho.

"Nilipanda nimlete kwako, si unatibu watoto? Nikakuta umeshaziba mlango wangu kwa saruji. Humu ndani mlango ulibaki mmoja tu, huo wa kioo unaokaa mbele yake. Nikapita hapo. Sikujua kama una nyumba nyingi hivyo upande wa pili."

"Nipe nimtibu," Ghizlane alisema. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Nipe sasa. Nitampandikizia ngozi, nitafanya lolote."

"Umechelewa."

"Basi sema unataka nini," Si Lmekki alisema. "Lakini nakuapisha kwa Aliyekuumba, mtoto wa mtu hafidiwi kwa mtoto wa mtu."

Mwanamke alimbembeleza mwanawe. "Wangu haujui tena uso wangu," alisema mwishowe. "Ulikuwa ndio unaomnyamazisha. Alikuwa akilia nikimwinamia, anaona uso, ananyamaza. Sasa namwinamia, analia vilevile. Nataka na huyu aonje hilo. Nipeni hilo, nami sitaligusa tena jiko la mtu, wala kioo cha mtu, wala mtoto yeyote aliyezaliwa na mwanadamu."

Si Lmekki aligeuka kwa mara ya kwanza. "Binti yangu, usijibu. Hawa husema kidogo wakachukua kingi. Nipe siku kadhaa nisome, nimpunguze nguvu."

"Siku kadhaa?" Ghizlane alisema. "Na wale wasiosoma ujumbe wangu? Kuna mama mamia huko juu. Leo jioni atamwita yupi?" Akakitazama kioo. "Chukua. Utakachotaka kwangu, chukua."

Mwanamke hakutabasamu. Alisimama, mtoto begani, akamsogelea Ghizlane aliyekuwa kwenye kioo, akampitishia kiganja usoni, kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni, kama mtu anayefuta meza. Ghizlane hakuhisi kitu ila joto, kisha baridi. Halafu kutoka ndani ya tundu ulisikika mchirizi wa maji ukienda chini, mbali, na kilio chembamba kikienda nao. Harufu iliisha papo hapo. Kioo kikawa cheusi.

"Ameondoka," Si Lmekki alisema. Alikuwa analowa jasho. Alipomtazama Ghizlane usoni hakuona tofauti yoyote, wala Abdelilah hakuona.

Kweli hakurudi. Hakuna mzazi aliyepigiwa tena. Ghizlane alikaa na kioo cha kujitazamia siku nzima kabla ya kuamini kwamba uso wake haukubadilika: mdomo uleule, alama ileile ya tetekuwanga kwenye kipaji cha uso.

Safari ya kwanza aliyoifanya ni kwa Moha. Alipanda mlimani na dawa za kuungua, bendeji na mama mkwe wake anayechechemea, maana Lalla Batoul alisema mchungaji hatampiga mtu aliyefuatana na kikongwe. Moha aliwaacha wamesimama mlangoni muda mrefu. Lalla Batoul alimwonyesha miguu yake, akamsimulia yote tangu ile siku ya masufuria. Mwisho Moha alifuta macho kwa kilemba chake, akafungua mlango.

"Ingia basi umtazame."

Ilyas alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa. Alipomwona Ghizlane alitoa ukelele ambao uliwafanya mbwa wabweke nje. Alijikokota mpaka ukutani, akajibanza, akachimba ukuta kwa kucha za mkono mzima.

"Anadhani ni yule," Moha alisema kwa aibu. "Ameuona uso ule kwenye simu. Atazoea."

Ghizlane alimwelekeza mama wa Ilyas namna ya kubadilisha bendeji, akiwa amesimama nje, nyuma ya mlango.

Baraza lilimsafisha baada ya uchunguzi, na hospitali ya serikali ikamwita, kwani madaktari wa watoto ni wachache. Aliingia wodini asubuhi, koti jeupe, moyo mwepesi. Mtoto wa kitanda cha kwanza alimtazama, akaanza kulia. Wa pili akafuata. Akasema moyoni wanaambukizana kilio, kama kawaida ya wodi. Akaenda kwenye chumba cha vichanga, akainama juu ya mtoto aliyezaliwa usiku uliopita, ambaye hakuwahi kuona simu wala kioo wala kitu chochote cha dunia hii. Mtoto akafumbua macho, yakamwangukia, uso ukakunjamana, ukawa wa bluu kwa kilio. Muuguzi akamnyakua. Mbali na Ghizlane, akanyamaza.

Ghizlane alivua koti pale pale ukumbini, akalikunja, akaliacha juu ya benchi.

Ritaj alirudi kutoka Fez siku ya Ijumaa. Abdelilah alimshusha garini, naye akakimbia uani akiita, "Mama! Mama!", mikono imefunguliwa, kisha akasimama ghafla katikati ya ua. Hakupiga kelele kama wengine. Alikuwa na adabu. Midomo ilimtetemeka tu, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagusa miguu ya baba yake, akajificha.

Walijaribu miezi mingi. Si Lmekki alisoma, akashindwa, akaomba radhi. Ritaj alimpenda mama yake. Alimwambia hivyo kila siku, akiwa amempa mgongo, au akiwa upande wa pili wa mlango. Chakula alikula na bibi yake.

Ila usiku, akishalala kitandani, alimwita. Ghizlane alikuwa akisubiri kizingitini, moyo ukimdunda kama wa mchumba.

"Zima taa kwanza, mama."

Anazima. Anavuta pazia pia, ili mwanga wa mtaani usiingie. Anaingia akipapasa, anajilaza ukingoni mwa kitanda, na mwanawe anamsogelea katika giza, anamwekea mikono usoni, anaupitia taratibu, kipaji, pua, mashavu yaliyolowa.

"Ni wewe?" anauliza.